Tulivyopiga msuli wa hesabu wenyewe kwenye fremu ya Soweto, Mbeya

Mi ni fundi umeme hapa Mbeya, na kilichonirudisha kwenye hesabu baada ya miaka mingi ya kuzikimbia ni namba mbili ambazo kila fundi anazo kichwani, 230 na 400. Ukiweka mita kati ya fezi, yaani waya unaoleta umeme, na nyutro, waya wa kuurudisha, inasoma volti 230 hivi, ukiweka kati ya fezi na fezi kwenye umeme wa njia tatu inasoma volti 400 hivi. Sasa kijana ninayemfundisha kazi akaniuliza, bro, kama fezi hii ina 230 na hii ina 230 mbona hatupati 460, hizo 60 zinapotelea wapi? Nikampa jibu la kifundi, kwamba ndo ilivyo we kaza skrubu tufunge kazi, lakini swali likagoma kutoka. Nikagawa 400 kwa 230 kwenye simu ikaja 1.739, nikauliza-uliza nikaambiwa hiyo ni skwea ruti ya 3, ambayo ni 1.732 na ushee, na hizo 230 na 400 zenyewe ni namba za makadirio ndo maana inapishana kidogo. Afu ndo ikawa mbaya zaidi, maana skwea ruti ya 3 mi naijua kwenye pembetatu za sekondari, na zenyewe nilizipita kwa kukariri, sasa imepandaje kwenye nguzo ya umeme?

Basi nikaamua kurudi kusoma hesabu toka chini, bila shule bila tuisheni. Naandika haya kwasababu naona watu wengi wanauliza wafanyeje wasikate tamaa wakijisomea hesabu wenyewe, na majibu wanayopewa ni yale yale, amka saa kumi alfajiri, jiamini, weka malengo ukutani. Aisee hiyo saa kumi alfajiri kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba mi siiwezi na sitamdanganya mtu kwamba ataiweza. Kwa nilivyoona mimi, mzuka wa hesabu haukai ndani ya mtu mmoja, unakaa kati ya watu, na mtu anayejisomea peke yake hana tatizo la uvivu kama anavyojituhumu, ana tatizo kwamba hakuna anayemsubiri.

Nilianza na video kama kila mtu. Tovuti ya Khan Academy ni bure na ina kila kitu kuanzia kujumlisha mpaka kalkulasi, ukiwa na bando hauna kisingizio. Shida ya video ni kwamba kila mstari anaouandika yule jamaa anayefundisha unaonekana ni kweli, unatikisa kichwa, unasema hii nimeielewa, unalala una amani. Kesho ukishika kalamu mwenyewe kwenye karatasi nyeupe hakuna kinachokuja. Na hakuna wa kukuuliza kwahiyo hata kujua kama hujaelewa hujui, unaenda video ya pili, ya tatu, kichwani bado patupu.

Nikaingia kwenye grupu la WhatsApp la watu wanaotaka kusoma hesabu. Wiki ya kwanza moto, kila mtu anajitambulisha na ndoto zake, mmoja anatupia pdf, mwingine anatupia pdf nene zaidi, simu ikajaa vitabu ambavyo hakuna aliyefungua hata kimoja. Afu tukaanza kupanga ratiba, na kupanga ratiba kukageuka ndo msuli wenyewe, kuna watu walikuwa wanabishana tuanze na aljebra au jiometri kwa siku kadhaa na hakuna aliyeandika hata ekwesheni moja. Baadae zikabaki salamu za asubuhi zenye picha za maua. Simlaumu mtu yeyote. Grupu kubwa ukikosekana hakuna anayejua umekosekana, ndo kifo chake hapo.

Sasa nielezee tulivyokuwa wanne maana hakuna aliyepanga. Nilienda kufunga taa nyumba moja Ilomba, mezani nikakuta daftari la hesabu, nikadhani la mtoto wa shule, kumbe la mwenye nyumba, dada mmoja nesi. Akaniambia anataka kujiendeleza masomo ila hesabu zimekuwa ukuta. Nikamuuliza si mnapiga hesabu kila siku wodini? Akasema tunapiga, lakini kwa fomula ya kukariri, dripu ya mililita 1000 iishe kwa masaa 8 na seti yake inatoa matone 20 kwa mil moja, unazidisha 1000 kwa 20 unagawa kwa dakika 480 unapata 41.67, unaweka matone 42 kwa dakika. Seti ikiwa ya matone 15 anarudia yote upya toka juu. Tulivyokaa tukaona hamna haja ya kurudia, 15 ni robo tatu ya 20 kwahiyo chukua robo tatu ya lile jibu, inakuja 31 na kidogo. Yule dada alikaa kimya afu akasema, miaka yote hii. Toka siku hiyo tunamwita Dada Nesi, na huyo ndo wa kwanza.

Wa pili ni Dogo, dereva bajaji anayepaki Kabwe, alikuwa anaresiti fomu foo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu alikuwa na F, na kwa madaraja ya NECTA, baraza la mitihani, F ni chini ya 30, C inaanzia 45, yeye aliitaka hiyo C na si zaidi. Wa tatu ni Mzee, mstaafu wa reli ya TAZARA, anakaa Iyunga. Huyu hana mtihani wala cheti anachotafuta. Alisema tu kwamba amefanya kazi kwenye reli ya kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, amepita kwenye kona na miinuko maisha yake yote, na hataki kufa hajajua wale waliochora zile kona walikuwa wanawaza nini. Kwa kweli kati yetu wote Mzee ndo alikuwa na sababu bora, na ndo hajawahi kupungua mzuka hata siku moja.

Tunakutana Jumamosi jioni nikishafunga fremu yangu hapa Soweto. Ubao ni plaiwudi niliyoipaka rangi nyeusi, chaki tunachanga, chai ya tangawizi anatuletea mama wa jirani, na mara nyingi kuna viazi vya kuchemsha kwa sababu hapa ni Mbeya na viazi havikosekani. Mzee akiingia tunamwamkia shikamoo, na yeye akishaitikia anatupa ugonile yake moja moja kwa kila mtu, hata Dogo ambaye si Mnyakyusa anaitikia siku hizi. Umeme ukikatika tunasoma kwa tochi za simu, na hapo fundi umeme ndo ninachekwa mimi, kana kwamba mgao nimeuleta mwenyewe.

Utaratibu wetu haukuandikwa popote ila uliota wenyewe. Unakuja na ulipokwama, hauji na jibu. Na anayeshika chaki ni yule ambaye hana uhakika, wanaojua wanakaa kimya, wanaruhusiwa kuuliza tu. Hii ya pili mwanzoni iliniudhi maana mtu akijua anawashwa kusema, lakini ndo imetubeba. Yule aliye ubaoni akifika mahali anasema "hapa sasa sijui" tunakuwa tumepata mahali halisi pa kuchimba, badala ya kukaa kumsikiliza mtu anayejua akitiririka.

Niseme kuhusu vizibo maana hiyo jioni siisahau. Dogo alikuja na swali la kujumlisha namba witiri, 1 jumlisha 3 jumlisha 5 mpaka huko, ana fomula ya mfuatano kichwani ila akichanganyikiwa kidogo tu imepotea. Mzee akaomba vizibo vya soda, pale kwa mama wa chai viko kibao. Akaweka kimoja mezani. Akakizungushia vitatu upande wa kulia na juu, ikawa mraba wa mbili kwa mbili. Akazungushia vitano, mraba wa tatu kwa tatu. Saba, nne kwa nne. Hakusema kitu. Dogo ndo akaanza kupiga kelele, kumbe ukijumlisha witiri unapata mraba, witiri nne za kwanza ni 16, kumi za kwanza ni 100, hamna haja ya fomula. Dada Nesi akauliza swali lake la siku zote, kwanini? Kwanini kila mzunguko unaongezeka viwili? Tukahangaika pale mpaka tukaona ukiwa na mraba wa n kwa n, kuupandisha uwe n+1 unaongeza mstari wa n pembeni, mstari wa n juu, na kimoja cha kona, jumla 2n+1. Na hapo Dogo akainuka akaandika ubaoni (n+1)² = n² + 2n + 1, kitu ambacho alikikariri toka fomu tuu, akakiangalia, akasema, kumbe hiki kimoja cha mwisho ndo kizibo cha kona.

Mtu akishawahi kupata kitu kama hicho huhitaji kumwamsha aje Jumamosi.

Kuna kipindi tulimleta kipanga, kijana wa chuo, tukidhani ndo tutapaa. Kijana mzuri, mpole, hana dharau kabisa, lakini anajua mno. Swali likiwekwa anamaliza kabla hatujalisoma vizuri, mistari minne imeisha, anasema "rahisi tu". Jumamosi ya pili Dogo hakuuliza chochote. Ya tatu Dada Nesi akasema ana zamu, na mi ratiba yake naijua, hakuwa na zamu. Mzee ndo aliyeliona, akamwita yule kijana pembeni akamwambia mwanangu, wewe uje mwisho wa mwezi utusahihishe, katikati tuache tuhangaike. Akaelewa, na mpaka leo anakuja hivyo na anatusaidia sana, anapitia madaftari na kutuonyesha wapi tumeruka hatua. Ushauri wangu kwa hili hauna kona: mwenza wa kusoma naye awe hatua moja mbele yako au moja nyuma, aliyekuacha mbali ni mwalimu, na mwalimu ana siku yake.

Na tena si lazima awe wa fani yako, bora asiwe. Lile swali langu la 400 mnajua nani alilifungua? Dada Nesi, ambaye hata kubadili fyuzi anamwita mtu. Nilikuwa ubaoni nimechora fezi tatu, najieleza, akaniuliza, samahani fundi, hizo fezi zinapanda na kushuka pamoja? Nikasema hapana, zinapishana, mzunguko mzima ni digrii 360 na ziko tatu kwahiyo kila moja iko nyuma ya mwenzake kwa 120. Akasema sasa kama hazipandi pamoja mbona unataka kuzijumlisha kama zinapanda pamoja? Fundi mwenzangu asingeuliza hilo, kwetu mafundi ni kitu kinachojulikana basi hakiulizwi.

Tukaweka nyutro katikati, tukachora mishale mitatu yenye urefu 230 kila mmoja imepishana digrii 120. Umeme wa fezi kwa fezi ni umbali kutoka ncha hii mpaka ncha ile. Hapo una pembetatu yenye pande mbili za 230 na pembe ya 120 katikati yao. Ukiigawa katikati unapata pembetatu mbili zenye pembe ya 60, nusu ya ule umbali ni 230 mara sine ya 60, na sine ya 60 ni nusu ya skwea ruti ya 3, yaani 0.866. Inakuja 199.2. Mara mbili ni 398.4. Hiyo ndo 400 yetu! Ile pembetatu niliyoikariri shuleni ilikuwa imekaa juu ya nguzo muda wote naipandia ngazi. Nilirudi nyumbani usiku ule nikamsumbua mke wangu na michoro mpaka akazima taa.

Sasa sio kwamba mambo yalikuwa yanateleza tu. Tuligombana, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa malengo. Dogo alikuwa na mtihani, anataka pasti pepa, anataka maswali yanayotoka, maksi. Mzee anataka kukaa kwenye swali moja mpaka magharibi. Dogo akasema siku moja kwa hasira kidogo kwamba mzee wangu samahani sana, hivi vizibo havitoki NECTA. Ikawa kimya. Mwisho tukakubaliana kipande cha kwanza cha jioni ni pasti pepa, na swali la kwanza linatoka kwa Dogo, baada ya chai ndo tunalegeza. Na kitu ambacho hatukukitarajia ni kwamba pasti pepa zenyewe zilianza kumpa Mzee raha. Ile mada ya dunia kama tufe, wengi wanaichukia, unapewa latitudo na longitudo unatafuta umbali kwa maili za baharini, digrii moja ni maili 60. Mbeya iko karibu digrii 9 kusini mwa ikweta, kwahiyo mpaka ikweta ni maili 540, ukizidisha kwa 1.852 unapata kilomita 1,000. Dogo akaandika jibu akapiga mstari chini, imeisha. Mzee akasema ngoja, mbona imekuja elfu moja kamili hivyo, hii si bahati. Tukachimba, kumbe Wafaransa walipotengeneza mita miaka ya 1790 waliipima kwa dunia yenyewe, toka ncha ya kaskazini mpaka ikweta iwe mita milioni 10, yaani kilomita 10,000. Hizo ni digrii 90. Sisi tuko 9, moja ya kumi, lazima iwe 1,000. Dogo alivyoondoka pale ile mada alikuwa haiogopi tena, na hakuikariri.

Kuna misimu mzuka unakata na hapo ndo pa kuwa makini. Mvua zikianza mwezi wa 11 au 12 Mzee anaenda shambani Igurusi kwenye mpunga wake, anapotea wiki nyingi. Dada Nesi akiingia zamu za usiku anakuja macho mekundu au haji. Kazi zangu zikiwa nyingi narudi nimechoka, nikiona plaiwudi ile nageuza uso. Tulichojifunza ni kutoahirisha. Wakija wawili inatosha, na hao wawili hawasogei mbele wakaacha wengine, wanarudia ya nyuma au wanafanya swali la pembeni. Kipindi cha kuahirisha "tusubirie wote" ndo kipindi grupu zinakufa, maana wote hawatimii, dunia haipangwi hivyo. Na aliye mbali anatumiwa voisi yenye swali moja tu. Moja. Ukituma matano hajibu hata la kwanza.

Voisi moja ya Dogo ilitupa kazi muda mrefu. Alisema, theluthi moja ni 0.333 isiyoisha, ukizidisha mara tatu unapata 0.999 isiyoisha, lakini theluthi tatu ni moja nzima, kwahiyo 0.999 isiyoisha ni moja? Dada Nesi akakataa katakata, akasema lazima kuna kakipande kamepungua hata kama ni kadogo kiasi gani, kwenye dozi kakipande kanaua. Tukabishana kwa voisi, mi kwenye ngazi, Dogo kwenye foleni Mafiati, Dada Nesi akitoka wodini alfajiri, mpaka Mzee kutoka Igurusi, ambako mtandao unakuja na kuondoka, akatuma yake fupi: mama, kama ni namba mbili tofauti basi katikati yao kuna namba nyingine, nitajie. Hakuweza kuitaja. Alikubali lakini alisema anakubali kwa shingo upande. Nawaambia msimu ule hakuna aliyekaa kwenye kiti fremuni kwa wiki kadhaa na bado hesabu haikulala.

Kitu kingine kilichonisaidia mimi binafsi ni daftari la kukwama. Kila nikikwama naandika tarehe na swali lenyewe lilivyo, bila jibu, nafunga. Mzuka ukikata nafungua kurasa za mwanzoni, nakuta nilikwama kwenye kitu ambacho leo namfundisha kijana wangu tukiwa juu ya dari. Vyeti vya kujipongeza kwenye aplikesheni, zile nyota na moto wa siku mfululizo, kwangu havikufanya kazi, ukikosa siku moja moto unazima na wewe unaona bora uache kabisa.

Dada Nesi aliwahi kutusomea habari za Andrew Wiles, yule Muingereza aliyethibitisha nadharia ya mwisho ya Fermat, jambo lililowashinda watu zaidi ya miaka 350. Alianza kuipenda akiwa mtoto wa miaka 10, afu ukubwani akajifungia nayo kama miaka saba kimya kimya bila kuwaambia watu, mwaka 1993 akatangaza amemaliza, dunia ikashangilia. Baadae ikaonekana kuna pengo kwenye uthibitisho. Alihangaika nalo, afu akamwita Richard Taylor, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, wakakaa wawili, na mwaka 1994 pengo likazibwa, ikachapishwa 1995. Watu wakisimulia wanaipenda ile miaka saba ya peke yake. Mzee alisema yeye anampenda huyo Taylor, aliyeitwa kukaa na mtu aliyekwama. Dogo akauliza kama Taylor naye alilipwa, tukacheka.

Tulivyokuwa tumezoeana tukafunga safari ya Kimondo, kile kilichoanguka Mbozi, barabara ya kwenda Tunduma, siku hizi ni mkoa wa Songwe. Ilikuwa wazo la Dada Nesi, alitaka tutoke tu. Lakini ukikaa na watu wa hesabu hamtoki tu. Uzito wa kile kimondo wengine wanasema tani 12, wengine 16, tukabishana nani yuko sahihi. Ni chuma karibu asilimia 90 na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli, kwahiyo tukachukua mita moja ya ujazo ina tani 7.8. Urefu tukauweka mita 3, upana na kimo mita moja moja, kwa makadirio ya kusimama pale na kuangalia. Kingekuwa boksi ingekuwa tani 23.4, lakini si boksi, kina mteremko na mbonyeo kila upande. Dogo akasema tukichukulie kama yai refu, ni ile fomula ya tufe ila kila upande na nusu kipenyo chake, 4 kwa 3 mara pai mara 1.5 mara nusu mara nusu, inakuja mita za ujazo 1.57, tani 12 na robo. Mi nikasema hapana, kimejaa zaidi ya yai, kiko kama pipa lililolalishwa, hiyo inakuja 2.36, tani 18 na ushee. Basi anayesema 12 ameliona yai na anayesema 16 ameona kitu kati ya yai na pipa. Mzee alikizunguka mara nyingi mikono iko nyuma, akasema yeye yuko na wa 16 kwa sababu ya ule upande mnene. Watalii wawili waliokuwa pale walituangalia tunaandika kwenye vumbi na kijiti, sijui walidhani ni tambiko gani.

Matokeo ya fomu foo yalipotoka Januari, Dogo alikuwa na C ya hesabu. Hakupiga simu, alikuja fremuni na bajaji kapaki katikati ya njia, watu wanapiga honi. Nilidhani baada ya hapo ataacha, maana alichokuja kukitafuta amekipata na mi nisingemlaumu. Jumamosi alikuja kama kawaida, akauliza sasa kalkulasi ni nini hasa, mbona kila mtu anaiogopa.

Kwahiyo ndo tuko huko. Vitabu vya kiada tunavipata bure kwenye maktaba mtandao ya TIE, Taasisi ya Elimu Tanzania, pasti pepa mjini zinauzwa bei ya kawaida, ukikosa za karatasi zipo mtandaoni. Watu wawili watatu wameomba kujiunga tukawaambia kwa upole kwamba hatutaki kuzidi watano, waanze yao, plaiwudi nitawapakia rangi mwenyewe, na kweli kuna wengine wameanza Uyole na juzi walitutumia swali ambalo hatujalitatua. Dada Nesi ameanza masomo yake, ratiba imembana ila anatokea. Mzee ameomba tukifika kwenye mteremko wa mstari uliopinda tumpe yeye chaki, kwa ajili ya zile kona zake za reli, na ameonya kabisa kwamba yule kijana wa chuo asije siku hiyo.